UZI: Bristol hadi Bath kwa baiskeli juu ya reli ya zamani, kundi la watu 10 hadi 16. Anza kupanga kwa safari ya kurudi

Pedeli_Nzito (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu. Uzi huu ni kwa mlioko Uingereza magharibi, au mnaokuja kutembea majira ya joto na mnataka kutoka na wenzenu siku nzima. Njia ni Bristol and Bath Railway Path. Ni kilomita 21 hivi, lami mwanzo mwisho, upana kama mita 3, na magari utayaona tu pale njia inapokata barabara.

Watu huambiana "tambarare, hata mtoto anafika", wanatoka hivyohivyo. Kufika saa tisa alasiri kundi limekatika mapande matatu: mmoja ana pancha Saltford, wanne wako Bath wanakula, waliobaki hawajui wamfuate nani. Njia ni rahisi kweli. Kinachoshinda watu ni kundi.

Historia kwa ufupi, maana inagusa mpango wenyewe. Reli ilifunguliwa 1869 na kampuni ya Midland. Balaa lake ni kwamba Great Western ilikuwa na reli yake tayari kati ya miji hiyohiyo. Abiria wakasitishwa 1966, baadaye vyuma na mataruma vikang'olewa. Mwaka 1979 wanachama wa Cyclebag, kikundi kilichokuja kuitwa Sustrans (shirika la hisani la njia za baiskeli), wakaanza kuigeuza njia ya baiskeli kwa kujitolea, wakianzia upande wa Bath. Ilikamilika 1986. Sasa, ile reli ya Great Western iliyobaki hai ndiyo kila mtu anadhani itamrudisha Bristol na baiskeli yake. Treni moja ina nafasi za baiskeli za kuhesabu kwa vidole, na zile za masafa marefu zinataka uhifadhi nafasi kabla. Baiskeli 14 haziingii. Mkifika wote kituo cha Bath Spa saa moja, mtaachana hapo hapo.

Kwa hiyo kabla hujatangaza tarehe, chagua:

1. Kurudi kwa pedeli njia ileile. Jumla kilomita 42 na kidogo.
2. Kugawana: wenye uchovu wawili wawili kwa treni tofauti, wengine kwa pedeli.
3. Baiskeli za kukunja. Ikishakunjwa inahesabika mzigo wa kawaida, haina shida.

Mimi nashikilia namba 1, namba 2 iwe akiba. Treni yenyewe ni kama robo saa tu, lakini kungoja nafasi kunakula jioni yote.

---

Kengele_Moja

Asante mkuu. Naomba kuuliza, mwendo gani wa kupangia? Na je, kuna milima? Wengine wetu mara ya mwisho kupanda baiskeli ilikuwa shule ya msingi.

---

Pedeli_Nzito

@Kengele_Moja kwa kundi mchanganyiko weka kilomita 12 kwa saa wakati magurudumu yanazunguka. Ina maana saa moja na dakika 45 za kuendesha, na ukijumlisha kusimama, choo na picha, hesabu saa tatu kwa upande mmoja. Anayekuambia 20 kwa saa anapiga hesabu ya mtu mmoja.

Mlima wa kukufanya ushuke usukume hakuna. Treni ya mvuke haikuweza mlima, ndiyo maana waliokuwa wanajenga reli walichimba mikato kwenye vilima na kujaza matuta mabondeni. Lakini kutoka Bristol hadi Staple Hill, kama kilomita 6 za mwanzo, unapanda taratibu bila kupumzika. Macho hayaoni mlima, miguu inauona. Mgeni huweka gia ngumu kwa sababu njia "inaonekana" sawa, na akifika kwenye handaki magoti yanalia. Mwambieni mapema: gia nyepesi, miguu izunguke haraka, aweze kuongea huku anaendesha. Akishindwa kumaliza sentensi, anakwenda mbio kuliko uwezo wake.

Na hicho kipande ukirudi jioni kinakuteremsha hadi mjini. Zawadi hiyo.

---

Fundi_Spoki

Naongezea upande wa baiskeli, maana hapa ndipo muda unapopotelea.

Siku tatu kabla, kila mtu aandike kwenye grupu namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi lake. Utakuta 700x35, 26x1.95, 29, na wa kukunja ana 20. Kiongozi abebe tyubu mbili za saizi iliyo nyingi, na mwenye saizi ya peke yake abebe yake mwenyewe. Mwenye tairi la 16 au 20 asitegemee mtu.

Angalia na mdomo wa tyubu. Kuna mnene kama wa gari, na kuna mwembamba wenye kanati kadogo juu unakokalegeza kwanza ndipo upepo uingie. Pampu nyingi siku hizi zinakubali yote miwili, ila lazima ugeuze raba ya ndani. Fanya hivyo nyumbani, mvua haitakusubiri.

Upepo: tairi za upana wa milimita 35 hadi 40, weka 50 hadi 60 psi (kipimo cha msukumo wa upepo). Za 28, kama 80. Tairi nene za milimani, 30 hadi 35. Chini ya hapo, ukipanda ukingo wa lami rimu inabana tyubu na kuitoboa matundu mawili sambamba kama meno ya nyoka. Ukiona matundu mawili ya hivyo usitafute mwiba, ongeza upepo.

Spana: seti ya zile za pembe sita (4, 5 na 6 zinatosha karibu kila kitu), bisibisi, na spana ya 15. Hiyo ya 15 ndiyo inayosahaulika. Baiskeli za kizamani, za watoto na nyingi za kukodi, gurudumu limefungwa kwa nati, wala halina ule mkono wa kufungua haraka. Bila 15 mtaziba pancha gurudumu likiwa bado kwenye fremu. Inawezekana, lakini utachafuka.

---

Kokoto

Hapo kwenye miiba wekeni na msimu. Kando ya njia kuna ua wa vichaka vyenye miiba mirefu. Machi hadi Agosti ndege wanataga, kwa hiyo ukataji husimamishwa. Kuanzia Septemba mashine zinapita, vijitawi vinabaki kwenye lami, na miiba hiyo ni migumu kama sindano. Mkienda Oktoba panga pancha mbili kwa kundi la 12. Mei au Juni mnaweza msipate hata moja. Vipande vya chupa ni vya mwaka mzima, zaidi upande wa Bristol mjini, hasa asubuhi ya Jumapili.

---

Kengele_Moja

Fundi, tuwekee hatua za kubadilisha tyubu kwa asiyejua kabisa. Kwetu tumezoea kumpelekea fundi chini ya mwembe.

---

Fundi_Spoki

Sawa. Kwanza toka kwenye njia, ingia majanini. Kundi likisimama katikati ya lami linaleta ajali.

Kama ni gurudumu la nyuma, peleka cheni kwenye gia ndogo kabisa ya nyuma kabla hujafungua chochote. Kisha fungua breki kama ni za rimu, toa gurudumu. Usiilaze baiskeli upande wa cheni.

Toa upepo wote. Zunguka tairi ukilisukuma kwa vidole gumba liingie katikati ya rimu, pale kwenye bonde. Hapo ndipo linapata kulegea. Anza na vijiko vya plastiki (vile vya kutolea tairi) upande ulio mbali na mdomo wa tyubu. Kimoja kishike, cha pili umbali wa spoki tatu, kisha sukuma. Upande mmoja tu wa tairi ndio utoke, mwingine uache ndani. Usitumie bisibisi kamwe, itatoboa tyubu na kuharibu rimu.

Vuta tyubu, ijaze upepo, isikilize. Ukipata tundu, ilaze juu ya tairi kama ilivyokuwa imekaa, mdomo kwa mdomo. Sasa unajua mwiba uko wapi. Hii hatua watu wanairuka: wanaweka tyubu mpya, mwiba ungali kwenye tairi, baada ya mita mia tatu pssss. Pitisha kitambaa ndani ya tairi, kikikwama ndipo penyewe. Ukitumia kidole, taratibu, kama ni kioo kitakukata.

Tyubu mpya itie upepo kidogo tu, ipate umbo. Ingiza mdomo kwenye tundu la rimu, panga tyubu ndani, rudisha tairi kwa mikono ukianzia upande ulio mkabala na mdomo na kumalizia kwenye mdomo. Ukimaliza sukuma mdomo juu kidogo, ili tyubu isibanwe chini ya tairi. Zungusha ukague pande zote mbili. Ukiona tyubu inachungulia, toa upepo upange upya. Ndipo ujaze.

Mwenye mazoezi dakika 8, asiye na mazoezi 25. Kiraka msizibe njiani. Solusheni inataka tyubu kavu iliyosuguliwa, uipake, uingoje kama dakika 5 mpaka ipoteze mng'ao, ndipo ubandike. Watu wana haraka, wanabandika ikiwa mbichi, kiraka kinatoka. Tyubu iliyotoboka iweke mfukoni, izibwe kwenye chakula cha mchana.

---

Njia_Panda

Nami naongeza namna ya kuliongoza kundi, maana spana hazitibu kupotea.

Mtu wa mbele anaijua njia. Mtu wa nyuma kabisa, tumwite mkia, ana pampu na spana, na hampiti mtu yeyote, hata huyo mtu akisimama kufunga kamba ya kiatu. Kati yao, kila penye kona au njia panda, anayemfuata kiongozi anasimama hapo kama alama. Anaelekeza wote, akimwona mkia anaingia mbele yake na kuendelea. Kona ijayo anasimama mwingine. Hakuna haja ya watu kuonana, kila mtu aende mwendo wake.

Sehemu za kuweka mtu ni hizi: Mangotsfield, reli zilipokuwa zinagawanyika (magofu ya stesheni bado yapo, ukifuata tawi lingine unaishia kwingine kabisa), Warmley, njia inapokata barabara kubwa kwenye taa karibu na kibanda cha zamani cha kuongozea treni, na mwisho wa njia ya reli Newbridge, pale unapoiacha na kushika njia ya kando ya mto kuingia Bath. Hapo Newbridge ndipo wengi wanapotea, kwa sababu wamekwenda kilomita nyingi bila kufikiria, akili imelala.

Zaidi ya watu sita msiende kwa mkupuo. Wagawe mafungu ya watano watano, dakika mbili katikati. Njia hii ni ya watembea kwa miguu pia, na wao ndio wenye haki ya kwanza. Baiskeli 14 zikimpita bibi na mbwa wake mfululizo, hata mkiwa na adabu vipi, atawaona majambazi. Kengele igongwe ungali mbali, mara moja, kisha punguza mwendo. Ukiigonga mgongoni kwake ataruka upande usioutarajia.

---

Kokoto

Handaki la Staple Hill, kama mita 470. Lina taa, lakini ukitoka kwenye jua kali macho yanachukua sekunde kadhaa kuzoea, na katika sekunde hizo unaweza kumgonga mtu aliyevaa nyeusi. Vua miwani ya jua kabla, punguza mwendo, mstari mmoja, kushoto, taa yako iwake. Maji hudondoka toka darini hata kiangazi. Na msiruhusu watu wasimame ndani kupiga picha.

---

Mkia_wa_Kundi

Mbona hamjataja mahandaki ya Bath yenyewe? Ukishafika Bath unaongeza mzunguko wa Two Tunnels, kilomita 21 nyingine. Handaki la Devonshire mita 409, kisha Combe Down mita 1,672, refu kuliko yote Uingereza yanayopitisha baiskeli. Lilifunguliwa Aprili 2013. Kuja Bath bila kupita humo ni sawa na kwenda Zanzibar usifike Forodhani.

---

Pedeli_Nzito

@Mkia_wa_Kundi nakuheshimu, lakini kwa kundi la wageni napinga. Ile ilikuwa reli nyingine, Somerset and Dorset, na kutoka Bath ilipanda 1 kwa 50, yaani kila mita 50 mbele unapanda mita 1. Kwa treni ulikuwa mwinuko mkali. Mwaka 1929 dereva na mwenzake wa kuchochea moto walizidiwa na moshi ndani ya Combe Down, handaki lisilo na hata tundu moja la hewa, treni ya mizigo ikateremka yenyewe mpaka ikaanguka Bath. Kwa baiskeli mwinuko huo ni wa kawaida, ila baada ya kilomita 21 nyingine unauma.

Tena mzunguko wenyewe hauishi kwenye lami laini. Ukitoka Midford unaingia barabara nyembamba ya magari yenye kupanda na kushuka hadi Dundas, halafu unarudi Bath kando ya mfereji wa Kennet and Avon. Pale njia ni changarawe, nyembamba, madaraja ni ya chini na kona zake hazioni mbele. Asiyejua kushika breki taratibu anaingia majini na baiskeli.

---

Mkia_wa_Kundi

Basi tukutane katikati. Nenda Devonshire na Combe Down, ufike Midford, urudi kwa mahandaki yaleyale. Hakuna gari, hakuna mfereji, na kurudi, ukishapita Combe Down, unateremka hadi Bath. Masharti mawili. Kila mtu awe na koti jepesi, Combe Down ni baridi mwaka mzima, na aliyetoka jasho kupanda anatetemeka kabla hajafika katikati. Na kila mtu awe na taa yake ya mbele na nyuma, kwa sababu taa za humo ni hafifu, na usiku huzimwa. Simu inayopima umbali itapoteza mawasiliano humo na kuchora mstari wa ajabu, msianze kubishana nani kaenda kilomita ngapi.

---

Pedeli_Nzito

Hiyo nakubali, kwa wanaorudi Bristol kwa treni tu.

---

Chapati_Mbili

Chakula na mapumziko mnasemaje? Na sala.

---

Njia_Panda

Kituo cha mapumziko ni Bitton, umeshapita nusu ya njia. Ni stesheni ya zamani iliyofufuliwa na Avon Valley Railway, siku kadhaa treni za mvuke bado zinatembea sambamba na njia ya baiskeli. Kuna mgahawa, choo na nafasi ya kuegesha baiskeli. Mkizidi kumi, msiingie wote kwa pamoja kuagiza chai.

Bebeni vyenu: sambusa, mayai ya kuchemsha, ndizi, chapati iliyokunjwa na maharage makavu. Usile wali wa kushiba Bitton, kilomita zilizobaki utalala kwenye usukani. Maji nusu lita kwa saa, siku ya joto robo tatu lita.

Sala: majira ya joto adhuhuri huku inaingia baada ya saa saba mchana. Mkiondoka Bristol saa nne na nusu mnafika Bitton kabla ya wakati wake, ndiyo maana nashauri muda huo. Mkeka mwembamba unafungwa kwenye keria.

Na kwenye tangazo, saa iandikwe kwa tarakimu: 10:30. Ukiandika "saa nne na nusu" kwenye grupu lenye watoto waliozaliwa huku, nusu yao watakuja jioni.

---

Reli_ya_Kusini

Samahani kuingilia. Je, kitu kama hiki hakiwezekani kwetu? Mtwara hadi Nachingwea reli ya mradi wa karanga iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

---

Kokoto

Kung'oa vyuma ni kazi ndogo. Kinachobaki ni kokoto kubwa za reli, na juu ya kokoto baiskeli haiendi: gurudumu linazama, tairi linakatika. Lazima zisawazishwe, ziwekewe tabaka la changarawe laini na kushindiliwa, au lami. Halafu mitaro na makalavati. Tuta la reli likiachwa miaka bila kuzibuliwa kalavati, maji yanalikata katikati. Bristol na Bath walibahatika kuwa na madaraja ya mto Avon yaliyosimama bado. Ukikuta daraja halipo, hapo ndipo bajeti inakwisha.

Na wakuu, msichanganye na hifadhi ya reli iliyo hai. Huko kuendesha baiskeli ni hatari na ni kosa.

---

Kengele_Moja

Swali la mwisho. Sisi wanne tutakodi. Tukague nini dukani?

---

Fundi_Spoki

Mambo manne, dakika tano.

Breki: Uingereza ya mbele iko mkono wa kulia. Baiskeli iliyotoka bara Ulaya inaweza kuwa kinyume, na ukikamata ya mbele ghafla ukidhani ni ya nyuma, unaruka juu ya usukani. Bana kila moja ukisukuma baiskeli, mkono wa breki usiguse usukani.

Siti: ukikaa, kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa, mguu uwe umenyooka. Ukikanyaga kwa mbele ya unyayo goti litabaki limekunjika kidogo. Siti ya chini ndiyo inayoua magoti ya wageni, wanaiweka chini ili miguu yote ifike ardhini.

Magurudumu: shika tairi, tikisa kulia na kushoto. Likicheza, beringi za habu (kitovu cha gurudumu) zimelegea, omba nyingine.

Pedeli: kaza zote mbili. Ya kushoto inakazwa kinyume na nati ya kawaida. Ikilegea njiani ukaendelea kuikanyaga, inakula meno ya mkono wa pedeli, na hapo hakuna spana itakayokusaidia.

Halafu muulize mwenye duka anafunga saa ngapi. Akisema 17:00, ninyi wanne ndio mnaorudi kwa treni, na hifadhini nafasi leo.